Siku Nilipomkana Baba Mbele ya Kiwanda

Jumanne. Mvua imegoma kunyesha tangu alfajiri, wingu limetanda tu juu ya mto Ruvubu. Moyo wangu uko hivyohivyo.

Leo nimedanganya tena.

Afisa utamaduni, binti mdogo mwenye adabu, alikuja kunirekodi. Mji wetu huu wa kando ya mto unaandaa historia yake, na mimi ni miongoni mwa wachache tuliobaki kati ya waliofanya kazi kiwandani.

"Shikamoo mama. Kiwanda kilikufaje?"

"Marahaba mwanangu. Vita," nilimjibu. "Injini ilikwenda vitani."

Akashukuru, akaondoka. Nikabaki nimekaa, mdomo mchungu kama nimetafuna kwinini.

Kiwanda chetu kilikoboa kahawa. Watu waliposhushwa milimani kwa malori kuja kupangwa kwenye kijiji cha ujamaa, wengi waliacha migomba yao inazaa. Kitu pekee walichokuta huku ni kile kiwanda. Kikawapa kazi. Baba ndiye aliyekuwa fundi mitambo. Aliijua ile injini ya dizeli kwa mlio wake, kama mama anavyojua kilio cha mtoto. Mimi, miaka kumi na tisa, nilikuwa mpiga chapa wa Meneja.

Vita vya Kagera vikaanza. Watu walitoa ng'ombe, mbuzi, maharage. Walitoa na vijana wao. Ndipo Meneja akaitisha mkutano mbele ya kiwanda, akatangaza kwamba jeshi linahitaji injini. Watu wakapiga makofi.

Baba akasimama, kofia mkononi.

"Ndugu Meneja, injini hii haiendi vitani. Dereva wa lori ameniambia anaipeleka Biharamulo, shambani kwa shemeji yako."

Makofi yakakatika. Meneja hakumtazama Baba. Alinitazama mimi.

"Barua ya kuitoa injini ameichapa binti yako mwenyewe. Haya binti, simama. Ilisema inakwenda wapi?"

Niliichapa kwa vidole hivi. Ilisema Biharamulo. Jina la shemeji lilikuwemo.

"Jeshini, Ndugu Meneja," nikasema.

Umati ukamzomea Baba. Mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa vitani alimtemea mate. Mgambo wakamchukua kwa kupinga juhudi za vita, wakamweka ndani siku tisa. Injini ikapakiwa palepale, na kiwanda hakikunguruma tena. Watu wakaanza kuhama, kaya moja baada ya nyingine.

Nilijiambia niliogopa. Ni kweli, niliogopa. Lakini pia niliipenda ile kazi, kiti changu, gauni langu la ofisini.

Baba alipotoka alihamia Nemba na mdogo wangu Zakaria, akalima mihogo. Hakunigombeza hata siku moja. Nilipokwenda kumtembelea alikuwa akiwaambia watoto wa Zakaria, "Mleteeni mgeni kiti."

Mgeni. Mimi, mwanawe wa kwanza.

Alikufa akiniita hivyo. Na Zakaria ameishi miaka yote akiamini mzee wetu aliropoka, akatuaibisha wakati nchi iko vitani. Hata msibani alisema hivyo mbele ya watu, na mimi nilikuwepo, nimejifunika kanga usoni.

Jioni hii nimempigia simu. Nimemweleza yote, tangu barua hadi jibu langu.

"Dada, nilikataa kumchimbia Baba kaburi," akasema. "Nilikaa pembeni majirani wakichimba. Unalijua hilo?"

Akakata. Nimepiga tena mara tatu, hapokei.

Afisa yule nitamwita arudi, arekodi upya. Ila Zakaria kwanza. Asubuhi napanda gari la Nemba. Asiponifungulia, nitasema nikiwa nje ya mlango wake, kwa sauti, majirani nao wasikie.