Katoni za Merv na Njia ya Kwenda Rennick

Jumamosi, 4 Novemba

Geti! Geti jipya la chuma, kufuli juu yake, na kibao: NJIA BINAFSI. Tumefika saa mbili asubuhi, mimi na Noreen, mitungi ya hewa ya kupigia mbizi garini, bahari imetulia kama maziwa bakulini — na hatuna pa kupita.

Miaka thelathini na ushei tunapita hapo. Unafungua geti la mbao la Merv, unalifunga nyuma yako kwa sababu ya kondoo, unakatisha shambani, unashuka ngazi, hatua sitini majini na umefika. Meli Rennick imelala pale chini ya maji tangu 1887, pamoja na ngano yake yote. Haijawahi kumfungia mtu.

Lakini Merv Pascoe ameuza shamba, yuko nyumba ya wazee. Mwenye shamba sasa ni Brenton Lisle, mtu wa jijini Adelaide, mwenye viatu vyeupe.

Noreen akasema turuke. Ana miaka sabini na minne na nyonga ya chuma! Nikamwambia, shoga, ukianguka vipande viwili mimi sijui kuchomelea. Akacheka. Halafu njia nzima ya kurudi alikuwa kageukia dirisha, anatazama bahari.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Lisle, nimevaa sketi. Kanikaribisha vizuri — hilo ndilo lililoniudhi. Kahawa ya mashine, keki ya ndimu. Anasema ni mambo ya bima tu. Ngazi zimeoza, mtu akivunjika mguu yeye ndiye atakayeshtakiwa.

Ngazi zimeoza kweli. Kipandio cha tatu ni ubao wa kukatia mkate wa Darcy, mwenzetu wa klabu ya kupiga mbizi. Siwezi kubisha.

Lakini ana nyumba nne ndogo za wageni, na kwenye mtandao kaandika: “Njia ya faragha hadi kwenye meli iliyozama.” Ya faragha! Nikamuuliza, na wageni wako hawana miguu ya kuvunjika? Akasema wageni wametia saini fomu. Akanishauri tukodi mashua.

Mashua! Pasaka Noreen alijaribu kupanda ngazi ya mashua na mtungi mgongoni. Alilia. Mwanamke huyu hakulia hata tulipomzika Ted, mumewe. Ufukweni anaingia taratibu, nimemshika kiwiko, maji yakifika kifuani ananiachia na kwenda zake. “Huku chini sina nyonga,” ndivyo anavyosema. Wiki nzima anachechemea akisubiri Jumamosi. Sasa nimwambie asubiri nini?

Alhamisi, 9 Novemba

Simu na Tanya wa halmashauri. Binti mwerevu, nilimfundisha kuogelea. Anasema hivi: kama watu wamepita pale miaka mingi, waziwazi, bila kuomba ruhusa na bila kumlipa mwenye shamba kwa namna yoyote, halmashauri inaweza kuitangaza njia kuwa ya umma. Na ikiwa ya umma, fedha za ngazi mpya zipo, zinasubiri, hata vishikio vya mikono! Lakini kama tulipita kwa ruhusa, basi ilikuwa hisani ya Merv, na hisani imeondoka na Merv. Kikao ni tarehe tano Desemba, kwenye ukumbi wetu.

“Mliwahi kuomba ruhusa, Bi Glenys?”

“Hata siku moja!”

“Na mliwahi kumpa chochote?”

Hapo nikashikwa na kikohozi.

Ee Mungu, zile katoni! Ungemwachaje mtu bila katoni ya bia? Mtu akikuvuta gari mchangani, katoni. Akikuazima trela, katoni. Kila Desemba klabu nzima tulikwenda pale getini na katoni ya Merv, tukapiga picha. Picha thelathini na moja, 1992 hadi mwaka jana. Na ziko wapi? Zimetiwa fremu na mimi, katibu mwenye bidii, zimetundikwa ukumbini. Ukuta wa mbele, kando ya kiti cha mwenyekiti!

Adabu zetu ndizo zitakazotuua.

Jumapili, 12 Novemba

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma. Mgeni wa Lisle anaruhusiwa kupita, si ndiyo? Basi nikakodi nyumba. Moja, ya watu wawili, usiku mmoja, kwa jina la Bibi Rodda — ambalo ni jina langu. Fomu haisemi mgeni asitembelewe na ndugu.

Ndugu wakaja saa tatu asubuhi. Saba! Darcy kaja na suti yake ya mpira iliyochanika makalioni, anamwita Lisle “shemeji.” Noreen kavaa kofia ya harusi. Tukapita getini mmoja mmoja, kila mmoja kabeba mtungi wake, tunamsalimia mwenye nyumba: habari za asubuhi, habari za asubuhi.

Lisle kasimama na kikombe cha kahawa, anahesabu midomo ikitikisika. Hakutuzuia. Mwishowe akasema polepole, “Glenys, kitanda ni kimoja.” Nikamwambia tutalala kwa zamu.

Pweza yuko palepale, ndani ya boila ya meli. Noreen alikaa dakika hamsini. Alipotoka, uso wake ulikuwa wa msichana. Kwenye ngazi akanishika bega, kila kipandio akivuta pumzi.

Jioni Lisle kabadilisha fomu. Sasa inasema: wageni wawili, na hakuna ndugu.

Alhamisi, 16 Novemba

Kwa Merv. Miaka themanini na minane, kiti cha magurudumu, masikio mazima kuliko yangu. Nilimpelekea pai ya nyama. Anadai zile za pale ni za kadibodi.

Nikamuuliza taratibu: Merv, hivi uliwahi kutupa ruhusa ya kupita?

“Ruhusa! Sijampa mtu ruhusa maishani mwangu. Hata mke wangu alijiamulia mwenyewe kuolewa.”

“Na bia je?”

“Nilikunywa.”

“Ilikuwa ya nini, lakini?”

Akanitazama kama nimeuliza maji ni ya nini. Ilikuwa Krismasi, kasema.

Atakuja kikaoni. Masharti yake: pai mbili, na akae mbele ambapo ataziona picha zake. “Sijaziona tangu nihame. Ile ya yule mbwa wangu ipo bado?”

Ipo, nikasema. Nikamkatia kipande kingine cha pai.

Jumamosi, 25 Novemba

Tumefanya. Mimi na Noreen, saa sita mchana, kwa ufunguo wa Chama cha Wanawake, kisingizio eti tunasafisha utando wa buibui. Tumeng'oa picha zote thelathini na moja!

Ilituchukua saa mbili kwa sababu Noreen alikuwa anasimama kila picha. Ona Ted. Ona kiuno changu, Glen, nilikuwa na kiuno! Mwaka wa mbwa. Mwaka wa mvua. Ile ya 2009 — hiyo tulicheka sana. Mwaka ule tulisahau katoni, kila mtu alidhani mwenzake kanunua. Siku ya mkesha wa Krismasi Merv akaja kwangu mwenyewe, kanuna, kavaa suti, katoni yake begani: “Basi mwaka huu nawapa mimi. Leteni kamera.” Tukaenda getini kupiga picha tukiwa na aibu tele.

Kumaliza kung'oa tukageuka kutazama ukuta. Lo! Rangi yote imepauka, isipokuwa pale picha zilipokuwa. Miraba thelathini na moja, krimu mpya kabisa, imejipanga kama madirisha ya basi. La kuvunda halina ubani. Tukabandika michoro ya samaki ya watoto wa chekechea. Samaki kumi na tisa. Miraba kumi na miwili bado inatutolea macho.

Picha ziko kwenye buti ya gari, chini ya suti ya mpira. Nikifunga breki zinalia.

Jumatatu, 4 Desemba

Tanya kaja na tamko nitie saini: nitakayosema kesho ni kweli. Nimetia. Hata sikusita — ndilo linalonitia hofu. Mama alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ina hatua mia mbili na ngazi arobaini na moja.

Nimeoka skonzi. Sina la zaidi.

Jumanne, 5 Desemba

Naandika jikoni, ukumbini, nimekalia debe la sukari. Ni mapumziko ya chai. Wamenipa dakika kumi na tano. Niandike haraka, maana nikifikiri tu bila kuandika nitapasuka.

Watu wamejaa mpaka mlangoni. Lisle kaongea kwanza, kwa upole wake uleule. Kasema hana ugomvi na mtu, ila njia ni yake, na mji mzima unajua klabu ilikuwa ikimlipa Merv kwa bia. Minong'ono. Kila mtu anaangalia viatu vyake. Mji mzima unajua, kweli.

Graham, mwenyekiti, akamgeukia Merv. Kakaa mbele, pai ya kwanza iko mapajani. “Bwana Pascoe, je, uliwahi kuwapa watu hawa ruhusa ya kupita?”

Merv alikuwa anatazama ukuta. Anatazama samaki wa chekechea. Anatazama ile miraba.

“Picha zangu ziko wapi?”

Noreen akaanza kukohoa — kikohozi changu mwenyewe, kaniiga!

“Nauliza, nani kaning'oa ukutani? Sijafa bado!”

Alikuwa na machozi. Sikutegemea hilo. Nilifikiri juu ya sheria, na mwenyekiti, na rangi ya ukuta, na sikumfikiria kabisa mzee ambaye amekuja kilomita thelathini kumwona mbwa wake. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu utoto. Nikasimama. Nikasema, mimi. Ziko garini.

Darcy akaenda kuzileta. Zikapangwa mezani mbele ya Graham. Lisle akazitazama, akashindwa kuficha furaha yake. “Si hizi hapa? Kila mwaka, wanamkabidhi bia.”

Merv akavaa miwani. Akachukua moja, akaisogeza puani, muda mrefu.

“Nani anamkabidhi nani?”

“Samahani?”

“Hapa. Mimi nimeshika upande huu, Glenys kashika ule. Nani anampa nani?”

Watu wakasimama kutazama. Na ni kweli! Picha zote ni hivyohivyo. Katoni katikati, mikono pande zote mbili, sote tunakenua meno.

“Mimi ndiye niliyewapa,” kasema Merv, uso mkavu kama ubao. “Kila Krismasi. Walikuwa wanafunga geti langu na kuokota takataka za watu. Ungewaachaje bila katoni?”

Ukumbi ukalipuka! Darcy kapiga mluzi. Graham kagonga meza kwa kikombe mpaka mkono ukavunjika — wa kikombe. Lisle kawa mwekundu, masikini, na nikamwonea huruma, maana safari hii alikuwa anasema kweli tupu. Akasema, mwulizeni katibu! Katia saini. Katibu aseme!

Graham akatazama saa. Akasema hana siku nzima ya kusikiliza Krismasi thelathini na moja. Bi Glenys achague picha moja, atueleze kwa kiapo chake nani alitoa na nani alipokea, na halmashauri itapiga kura. Bwana Lisle anaafiki?

“Yoyote ile,” kasema Lisle. “Zote ni zilezile.”

Basi nipo hapa. Rundo la picha wamenipa nichague, liko juu ya friji.

Sasa hivi Lisle kaingia. Nilidhani amekuja kugombana. Kaniinulia birika kubwa, la moto, akasema lile ni zito kwangu. Akanimiminia chai, vijiko viwili vya sukari, kumbe alikumbuka tangu ile kahawa. Akasema, “Sina wasiwasi, Glenys. Wewe ni mkorofi, lakini si mwongo.” Akachukua skonzi, akatoka. Afadhali angenitukana.

Maana sitakuwa mwongo! Picha moja, maelezo ya kweli, kila neno. Ila zile thelathini nyingine zitarudishwa mezani zikinitazama.

Noreen yuko mlangoni, kaegemea fimbo. Hajasema chagua hii wala ile. Kasema tu kwamba kesho hakutakuwa na upepo, bahari itatulia. Ameshikilia fremu ya mlango kwa mkono mwingine, vidole vimekuwa vyeupe, na anatabasamu ili nisivione.

Ile ya 2009, ya mwaka tuliosahau katoni, iko juu kabisa ya rundo. Suti ya Merv inaonekana hata kutoka hapa nilipo. Siyo mimi niliyeiweka juu.

Sawa, ni mimi.

Graham anaita jina langu.