Keki Niliyosifiwa Miaka Sita Si Yangu

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, na naomba upesi, maana Krismasi imebaki wiki tatu na mimi usingizi umeshanihama. Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni fundi umeme, napanda ngazi, navuta nyaya kwenye nyumba mpya, navaa ovaroli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, na nimeolewa katika familia ya watu wa kanisa, watu wazuri, ila wana utaratibu wao. Siku ya Krismasi tukitoka ibadani wote tunakwenda kwa mama mkwe, meza tatu zinaunganishwa kuwa moja, tunaimba, tunasali, kila mtu anataja jambo moja analomshukuru Mungu kwa mwaka ule, halafu tunakula, na sheria ya mama mkwe ni kwamba kila mkwe alete kitu alichokiandaa kwa mikono yake mwenyewe. Kwa mikono yake mwenyewe, Shangazi, hapo ndipo nilipoponzeka.

Mwaka wangu wa kwanza nilijaribu keki. Ilitoka imeungua nje na mbichi ndani, imebonyea katikati kama kochi la zamani, na muda ulikuwa umekwisha, basi nikakimbilia kwa mwokaji wa mtaani kwetu, mzee mmoja tunamwita Mzee Hamira, nikachukua keki yake, nikaihamishia kwenye sahani yangu ya harusi, nikajipaka unga kidogo kwenye mkono wa gauni, nikaenda. Nilidhani itapita. Mama mkwe akakata kipande, akatafuna, akafumba macho, akasema mbele ya wote, "Mwanangu amepata mke." Na ujue mama huyu ndiye aliyeuliza kabla ya harusi, "Tunaleta mke au tunaleta fundi?" Mpaka leo majirani wakimuuliza kazi yangu anasema niko ofisini. Keki ile ndiyo heshima pekee niliyonayo katika nyumba ile, ningesemaje kwamba si yangu? Nikanyamaza. Mwaka wa pili nikarudi kwa Mzee Hamira, na wa tatu, na wa nne, mpaka imetimia miaka sita. Wifi yangu, ambaye ni mwalimu na macho yake ni ya kusahihisha, kila mwaka ananiuliza, "Wifi, hivi unaweka nini humu?" nami najibu, "Mapenzi," watu wanacheka, mimi jasho linanitoka mgongoni.

Sasa Jumapili iliyopita mama mkwe ametuita sote sebuleni. Akasema mikono yake imeanza kutetemeka na hawezi tena kubeba jiko la Krismasi peke yake, na mwaka huu kwaya yao imejitolea kuandaa chai kwa kanisa zima baada ya ibada. "Keki ataoka mkwe wangu," akasema, na akaninyooshea kidole mimi. "Ataokea hapa hapa kwangu, tarehe ishirini na nne, na wajukuu wa kike wote watakaa waangalie, wajifunze."

Kanisa zima, Shangazi! Mume wangu, ambaye anajua kila kitu tangu siku ya kwanza, alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akanishauri nifunge bendeji niseme nimepigwa shoti. Dada yangu ananiambia nitafute kazi ya mbali siku hiyo. Lakini mimi nampenda mama mkwe wangu, na hilo ndilo linaloniumiza, nampenda na nimemdanganya mwaka baada ya mwaka, siku ya kuzaliwa Bwana, mezani pake, sala ikiwa bado haijapoa midomoni mwetu. Nifanye nini?

Wako,
Fundi Mwenye Aibu


Shangazi anajibu:

Fundi, nimecheka, sikufichi. Nimelicheka lile kochi la zamani, nimeucheka unga wa mkono wa gauni. Halafu nimefika kwenye maneno yako ya mwisho na kicheko kikakatika chenyewe.

Tuanze na bendeji. Usithubutu. Fundi umeme kusingizia shoti ni kujitukana mwenyewe. Unataka kuficha aibu ya keki kwa kuchafua kazi unayoijua vizuri kuliko mtu yeyote katika ukoo huo? Mwambie mumeo akae kando na vichekesho vyake, na kwa kuwa amekula uongo huo miaka sita bila kupaliwa, wiki hizi tatu aoshe vyombo vyote utakavyochafua. Maana utachafua vingi.

Kosa lako si kushindwa kuoka. Hakuna aliyezaliwa ameshika mwiko. Kosa lako ni kwamba ulisifiwa kwa kitu kisicho chako, ukaona sifa ni tamu, ukairudia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nawe umeficha mpaka umetimiza miaka sita bila kuzaa hata keki moja!

Sasa nisikilize. Kesho ukitoka kazini nenda kwa Mzee Hamira, na safari hii usiende kuchukua keki, nenda ukajifunze. Uoke kila siku, hata Jumapili baada ya ibada. Ikiungua, uoke nyingine. Ulipojifunza umeme ulipigwa mara ngapi kabla ya kuijua swichi? Na kabla ya tarehe ishirini na nne, uende kwa mama mkwe wako, ninyi wawili tu, umwambie ukweli kwa mdomo wako. Usimtume mume, usitume ujumbe wa simu. Hujui atakujibu nini, na mimi sijui pia. Lakini heri akukasirikie wewe kuliko aendelee kumpenda mtu ambaye hayupo.

Nenda. Na utuandikie.


Barua nyingine kutoka kwa fundi, iliyotufikia wiki ya mwaka mpya:

Shangazi wangu,

Nilikwenda. Mzee Hamira aliponiona nimekunja mikono ya ovaroli alidhani nimekuja kumtengenezea taa. Nilipomweleza akasema, "Kumbe keki zangu zimeolewa bila mahari." Kisha akanipa chekecheo. Keki ya kwanza mume wangu aliweza kuigonga kama mlango. Ya nne ilibonyea. Mzee akanigombeza, "Binti, unafungua oveni kila dakika kama mtu anayesubiri mgeni! Acha iive. Tumia pua." Mimi kazi yangu yote ni ya kupima kwa kifaa, Shangazi, kuamini pua kulinishinda siku nyingi, lakini ya tisa ikapanda, ikatulia, ikakaa, na nililia palepale kwenye magunia ya unga.

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi nikaenda kwa mama mkwe. Nilimkuta anapiga pasi joho lake la kwaya. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuniangalia. Alipiga pasi mkono uleule wa joho mara tatu.

"Miaka sita?" akauliza.

"Miaka sita, mama."

"Hata ile niliyompelekea mchungaji?"

"Hata hiyo, mama."

Akazima pasi. "Nenda," akasema. "Tarehe ishirini na nne, saa mbili asubuhi, uwe hapa. Na usije na keki."

Nilirudi nyumbani sijui kama nimesamehewa au nimeitwa mahakamani.

Siku yenyewe nilimkuta ameshapanga kila kitu, unga, mayai, siagi, trei kumi za kuokea, na wajukuu wamekaa kwenye benchi wamenyamaza kama wako ibadani. Wifi alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono kifuani. Nikapiga siagi na sukari, nikavunja mayai, nikachekecha unga, nikaingiza trei mbili za kwanza. Zikaanza kupanda. Nilipumua. Dakika haikupita, tukasikia harufu ya plastiki inaungua, taa ya oveni ikazimika, na oveni ikafa.

Kelele zilizotokea humo jikoni, Shangazi! Keki za kanisa zima, kuku wa kesho, kila kitu kilikuwa kinategemea oveni ile. Wifi akashika simu, akaanza kuwatafuta mafundi, mmoja amesafiri, wa pili hapokei, wa tatu anasema mpaka baada ya sikukuu. Na mimi, utaniamini, nilibaki nimeduwaa na mwiko mkononi, maana katika nyumba ile nilishazoea kuwa mtu wa ofisini.

Mama mkwe akagonga meza. "Weka simu chini," akamwambia wifi. "Fundi gani mnamtafuta? Si huyu hapa?"

Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka mdomoni mwake likinihusu mimi. Nikaenda kuchukua sanduku langu la vifaa kwenye gari, nikazima swichi kubwa, nikapima kuhakikisha, nikaivuta oveni kutoka ukutani na kufungua bati la nyuma. Waya mmoja ulikuwa umelegea pale unapofungwa kwenye koili inayotoa joto, umeungua mpaka umekuwa mweusi. Wifi mwenyewe ndiye aliyenimulikia tochi, amepiga magoti sakafuni na gauni lake zuri, ananiuliza, "Hapo unakata nini? Na hapo?" nami namweleza. Nikakata sehemu iliyoungua, nikaufunga waya kichwa kipya, nikakaza, nikarudisha bati, nikawasha. Koili ikaanza kuwa nyekundu taratibu. Jiko zima lilipiga vigelegele! Zile trei mbili zilikuwa zimeharibika, nikazimwaga bila kuona haya, nikaanza upya. Mpaka saa kumi jioni nilikuwa nimetoa trei kumi, zote zimesimama.

Siku ya Krismasi baada ya ibada ziliisha kabla birika la pili la chai halijachemka. Mama mkwe, na joho lake la kwaya, alinishika mkono akanipitisha kwa wanawake wote wa kanisa, mmoja baada ya mwingine, anasema, "Huyu ni mkwe wangu, ni fundi umeme. Jana oveni yangu ilikufa, akaifufua, akaoka hizi." Kwa kila mmoja, Shangazi. Hata kwa wale walioambiwa niko ofisini.

Mezani, zamu yangu ya kushukuru ilipofika, nilisimama nikawaambia wote kwamba keki za miaka sita iliyopita alizioka Mzee Hamira. Wifi akapiga meza, "Nilijua tu si mapenzi!" na kicheko kikaanzia kwake. Ndipo mama mkwe akasema, "Siku uliyoniambia nilikufukuza kwa sababu nilitaka kulia, na mimi silii mbele ya wakwe. Namshukuru Mungu kwa mtoto aliyenivunjia moyo kwa ukweli." Kisha akawageukia wanawe. "Na huyo mzee yuko wapi? Mtu amenilisha miaka sita hajawahi kukaa mezani kwangu? Nendeni mkamlete!"

Mume wangu akamleta. Mzee alikuja na shati jipya, mkunjo wa dukani bado uko kifuani, akakaa karibu na mama mkwe, akapewa kipande cha keki yangu. Meza nzima tuliacha kula. Alinusa, akatafuna, akatazama dari.

"Sukari imezidi kidogo," akasema. "Lakini hii ni keki."

Nimeruka, Shangazi! Mimi mtu mzima, nimeruka!

Sasa kuna jambo moja. Mama mkwe amenikabidhi jiko lote la Krismasi ijayo, na wazee wa kanisa wameniomba nisimamie kubadilisha nyaya za kanisa, ambazo ni za zamani na za hatari. Nimeogopa kukubali yote mawili. Nikubali lipi?

Fundi (aibu imekwisha)


Shangazi anajibu:

Fundi, nimesoma barua yako nimesimama.

Nyaya za kanisa, kubali leo. Wape orodha ya vifaa, chagua wasaidizi wako mwenyewe, na asikwambie mtu panda, shuka. Wewe ndiye unayejua.

Jiko, kubali pia, lakini usilibebe peke yako kama alivyolibeba mama mkwe wako mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Waite shemeji zako na huyo mumeo wa vichekesho mwezi wa kumi na moja, mapema, kabla hawajatafuta visingizio. Mmoja apewe kuku, mwingine mboga, mwingine meza na viti. Wakisema hawajui kupika, waambie hata wewe ulikuwa hujui, na ilikuchukua keki tisa. Wifi ashike daftari la zamu, amezaliwa kwa kazi hiyo.

Na mama mkwe wako mtafutieni kiti chenye mto, mkiweke pale jikoni karibu na dirisha. Akae, anywe chai, atoe amri. Amestahili.