Kisanduku Chenye Jina la Marehemu

Mikumi, Jumatatu

Mdogo wangu Mwanahawa,

Shikamoo yako naijua ilivyo, unaisema umeinama nusu huku jicho liko kwenye chungu, basi marahaba, hata kabla hujaisema. Mgongo vipi? Na wale kuku wa madoa, bado mwewe anawachagua kama yuko sokoni? Mimi mzima, ila magoti yameamua kuishi maisha yao. Huku ni joto la bati, na malori hayalali, na nyani ndio wenye mji. Juzi nyani kaingia jikoni kachukua sufuria ya ubwabwa pamoja na mfuniko. Mfuniko, Mwanahawa! Anafunikia nini?

Haya nayasema kwa mdomo, anayeandika ni mkwe wangu, mama Zawadi, mke wa Hamisi. Kalamu yake, maneno yangu. Nimemwambia asipunguze kitu, hata pale ninapomsema yeye mwenyewe, na patafika. Simu sikutaka, maana simu yako inachajiwa dukani kwa shemeji Ramadhani na mkewe huipokea kabla yako. Anayekuletea barua ni yule mama wa Malolo muuza vitunguu. Mpe maji ya kunywa, habari usimpe.

Sasa kaa chini. Sauti ya marehemu mume wangu imepatikana.

Usifurahi. Ngoja kwanza.

Unaikumbuka ile siku Hamisi alimshikia baba yake simu, mzee yuko kwenye kigoda anakohoa, akaitaja mipaka yote ya shamba. "Kuanzia mnyaa wa kona mpaka mtoni, la bondeni ni la mama Hamisi, alime yeye na mdogo wake, asiwatoe mtu." Simu ile ikaja ikatumbukia chooni, lakini Hamisi akaniambia, mama usihofu, sauti nimeshaihifadhi kwangu Mikumi, kwenye kisanduku cheusi cha kutunzia picha. Na kweli, nilipohamia huku aliniwekea kwenye tivii, nikasikia.

Nyumba hii, mwenzangu, kila mashine ina jina. Kamera ya getini inaitwa Mlinzi. Tivii inaitwa Sebule. Kile cheusi Hamisi alikipa jina la baba yake, nikaona vizuri, ameweka kumbukumbu. Halafu kuna kisanduku kingine, hicho ndicho kinachogawa intaneti humu ndani, na ndicho chenye daftari la majina yote. Tivii ikitaka picha inakiuliza, fulani yuko wapi? Kinaipa namba ya fulani, inamfuata. Mimi hayo sikuyajua. Nimeyajua kwa machungu.

Masika radi ikapiga, hicho chenye daftari kikaungua. Fundi mmoja akaja akaweka kipya. Tangu siku hiyo tivii ikiulizwa kuhusu cheusi, inasema hakuna. Hamisi akarudi mwisho wa mwezi, maana analala hifadhini na gari lake la watalii, akaitazama tivii mara moja, akasema, "Mama, na cheusi kimeungua. Sauti ya baba ndiyo basi tena." Akakaa akala.

Na wewe unajua wakati huo huko kwetu Masanze kulikuwa na nini. Ramadhani keshafyeka mnyaa wa mpaka wa kaka yake, kikao cha ukoo kimeitishwa. Nilipowapigia, wazee wakasema kama sauti ipo ileteni, tunawangoja Ijumaa mbili. Aliyewaambia wasingoje ni mwanangu wa kumzaa. Wakasema sauti ya kuhadithiwa si sauti. Bonde likaenda. Ukatolewa na jembe lako mkononi, mahindi yako yanachomoza, na mimi nimekaa huku kwenye kochi la watu.

Wiki iliyopita kamera ya getini ikagoma, akaja fundi mwingine kutoka Kilosa mjini, mtu mzima, ana maneno huyo! Kamaliza kazi yake, nikamwonyesha kile cheusi, nikamwambia, hebu kitoe humu, kimeshakufa kinanitia simanzi.

Akainama. "Bibi, kimekufa wapi? Taa hizi hapa. Kinapumua kukushinda wewe."

"Wee! Mimi umri wa mama yako!"

"Ndiyo maana nakuita bibi. Hiki kinaitwa nani?"

Nikamtazama mkwe, mkwe akatazama sakafu. Basi nikalitaja mimi. Mwanahawa, mimi sijawahi kulitaja jina lile mbele ya mtu, maisha yote nilimwita baba Hamisi. Nililitaja kwa fundi wa kamera.

Akabonyeza bonyeza. "Jina hilo humu halimo. Kuna Mlinzi, kuna Sebule, kuna Babu."

"Babu nani?"

"Mimi nitamjulia wapi, bibi? Sikilizeni. Hii ni kama balozi wa nyumba kumi. Mgeni anakuja anamuuliza balozi, fulani anakaa wapi? Balozi anafungua daftari. Kama uliandikwa kwa jina jingine atasema hayupo, na wewe uko ndani unakula ugali wako. Tivii yenu bado inaulizia lile jina la zamani. Nani alimwambia balozi aandike Babu?"

Mkwe akapiga magoti hapo hapo.

Haya, andika, usinitazame. Kumbe yule fundi wa kwanza alikuwa anamuuliza majina ya mashine, moja moja, anaandika. Alipofika kwenye kile cheusi, ulimi ukamganda. Wewe unajua huyu ni binti wa wafugaji wa kanda ya ziwa. Kwao mwanamke hatamki jina la baba mkwe, hata kama mwenye duka ana jina hilo atasema "yule wa pale kona." Basi akamwambia fundi, "Andika Babu." Na kwa watu ingetosha. Zawadi ukimtuma kwa babu haendi kwa mwingine. Lakini mashine haina adabu, mdogo wangu, inataka jina lile lile. Tivii iliposema hakuna, akahisi labda ni yeye, akaogopa, akanyamaza.

Nimemgombeza siku mbili. Ya tatu nikachoka. Heshima kafundishwa na mama yake, nami nilikuwa najisifu nimepata mkwe mwenye heshima. Basi heshima imekula shamba letu.

Lakini Hamisi! Hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. Angeinama tu angeona taa zinawaka. Hakuinama. Nikampigia simu, nikamwambia sauti ya baba yako hii hapa. Unajua kasema nini? "Mama, yameshaisha, tusiukoroge ukoo. Baba mdogo keshapanda." Keshapanda! Nimezaa mtu ambaye mgeni akimwonyesha mkia wa swala atasimamisha gari aangalie, ila baba yake hakumtafuta.

Fundi alibadilisha lile jina, tivii ikafunguka. Kikohozi kile kile. Jogoo anawika. Halafu wewe, Mwanahawa, sauti yako ya wakati ule, "Shemeji, kunywa basi, uji unapoa." Nikamwambia fundi azime.

Sasa sikia. Alhamisi nakuja, na Ijumaa baada ya swala nawataka wazee wote wakae. Sauti iko kwenye simu mbili na kwenye flashi. Hamisi haji. Mimi wataniambia mjane anajitetea, na wewe watasema unalia kwa kuwa ndiye uliyetolewa. Atakayeeleza sauti ilipoteaje ni huyu mkwe, ambaye hana hata tuta moja Masanze. Na wazee watamuuliza, hiki kisanduku kinaitwa nani? Hapo akisema "Babu" tumekwisha. Nimemwambia itabidi alitamke, mbele ya wanaume. Amelia tangu asubuhi. Amesema atalitamka.

Nisalimie shangazi mkunga, mwambie mafuta yake ya magoti yameisha. Nisalimie mjomba wetu mwalimu wa madrasa, na jirani yako wa mashine ya kusaga, yeye peke yake ndiye aliyesema ukweli kikaoni. Ramadhani usimpe salamu. Akikuuliza habari zangu, sema magoti yananiuma, sitoki ndani.

Tumefika pa kuweka jina langu, na nimemwambia mkwe aanzie mazoezi hapa kwenye karatasi. Kaweka kalamu chini mara mbili. Haya mwanangu, andika.

Ni mimi dada yako Tatu, mjane wa Athumani.