Samaki Mama Aliyeota Upanga

Butembo, Jumanne, Agosti 2000

Nilikosea, na afadhali niandike kabla kifua hiki hakijanimaliza.

Samaki wa bokali yangu ya kioo, yule aliyekwisha kuzaa watoto mara tatu, ameota upanga mkiani kama dume. Pezi la tumboni nalo limechongoka. Hakuna aliyeweka mwingine badala yake; tangu vita vifunge barabara ya Beni, hakuna samaki mwingine aliyeingia nyumba hii.

Binti yangu Masika aliniambia jambo hilihili, kwamba jike aweza kugeuka dume, alipokuwa mwanafunzi wangu wa biolojia. Nilimpa sifuri mbele ya darasa, nikasema amechanganya samaki wawili. Hakunionyesha daftari tena. Aliacha sayansi, akauza vitenge. Nami sikuomba msamaha. Mwalimu, tena baba...

Leo alipoleta uji nilimwonyesha bokali. "Nilikukosea, mama."

Aliinama, akatazama sana. "Huyu si ule ulipatia jina yangu, juu ya vile alikuwa binti wa kwanza wa bokali?"

"Ndiye."

"Donc sasa tumuite Mumbere, kama kijana wa kwanza? Na batoto yake, bamuite mama ao papa?"

Nilicheka mpaka nikakohoa vibaya. Akanishika mgongo. "Usikufe bado, mwalimu. Nipatie kwanza points zangu za darasani."

Hakuwa akitania tena. Akaniwekea kalamu nyekundu mkononi.

Nimeandika kwenye karatasi: Masika, kumi juu ya kumi. Amesema kesho ataibandika sokoni, juu ya vitenge vyake.