Kaa la Moto Siku Aliyokufa Tanas

Jumanne, 9 Februari 1909

Wamemtoa kwa kulabu zile zile tunazovutia magogo. Sikusogea karibu. Niliona buti tu. Tanas alifunga vyuma vya kukanyagia barafu kwenye buti kwa kamba nyekundu, aliyosokotewa na mama yake. Kamba ndiyo niliyoitambua.

Niliita. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunikatiza. NILIITA!

Ilikuwa hivi. Magogo yanateremka kwenye mfereji wa mbao, toka kileleni hadi mtoni. Tunaumwagia maji, unaganda, gogo likiachiwa huko juu hakuna wa kulizuia. Likikwama chini, wa chini wanaita: Simamisha! Mimi nipo kona ya kati. Nasikia, naita juu. Lukyn yupo kona ya juu, anasikia kwangu, anawaitia wanaoachia. Zamani jibu lilirudi njia hiyo hiyo — Imesimama! — likishafika chini ndiyo mtu anaingia mferejini kukwamua gogo. Mwaka huu nyapara Havrylo kalifuta jibu: ukishaita, unaingia tu. Eti tunamaliza mchana tukipigiana kelele kama wanawake wa gulioni.

Basi, lilikwama. Wakaita. Nikaita juu. Lukyn kimya. Nikaita tena — kimya. Niliita mpaka koo likawaka. Upepo ulikuwa unapanda mlima. Chini wasingenisikia. Kileleni ni mbali mno. Wa kunisikia alikuwa Lukyn peke yake.

Halafu mfereji ukaanza kuunguruma. Nikageuka nikaita chini, Toka! Toka! Upepo ukanirudishia mdomoni. Gogo likanipita. Sikuwahi hata kuliona vizuri.

Jioni tumekaa bandani, miguu yote imeelekea motoni. Havrylo anauliza nani hakuita. Lukyn akasema yeye hajasikia chochote. Akanigeukia: "Bubu, kwani uliita?" Polepole tu, kama ananionea huruma.

Macho yote kwangu. Mimi macho ya watu siyawezi. Masikio yakawaka, ulimi ukawa kama gome. Nadhani nilisema ndiyo.

"Nini? Amesema nini?"

Mwingine akadakia: "Si mnaona! Hapa tupo magoti kwa magoti na hasikiki!"

Mmoja akacheka. Halafu akakumbuka, akakohoa.


Jumatano, 10 Februari

Tumemshusha kwa sleji, gari la kuburutwa thelujini. Farasi hakutaka kwenda, ananusa. Askari alikuja toka mjini na kofia yake ya manyoya, akaniuliza jina. Onufri, nikasema. Swali la pili akajibu Havrylo. La tatu pia. "Huyu bwana kichwa chake kizito kidogo. Kosa ni langu, nilimwonea huruma nikampa kazi ya kuita." Askari akanitazama kama unavyotazama mbwa mwenye miguu mitatu. Akaondoka.

Uongo! Si yeye aliyenipa kazi. Ni Tanas aliyemwomba. "Mpe Bubu ile kona. Akiwa peke yake ana sauti kama dume la ng'ombe." Ni kweli. Mbele ya watu sauti inakimbia. Kule konani, mimi na misonobari tu, inakuja yenyewe, hata mimi inanishangaza. Tanas alikuwa akisimama chini, ananiambia jioni: leo umenitikisa kofia.

Yeye ndiye pekee angejua kwamba niliita.


Alhamisi, 11 Februari

Nimetolewa kwenye kuita. Nimepewa ndoo. Namwagia mfereji maji. Glavu zinaganda, zinasimama zenyewe nikizivua.

Kuanzia leo jibu limerudi. Imesimama! — linashuka mpaka chini, zuri kabisa. Havrylo mwenyewe kaamuru. Hakuna aliyesema kitu.


Ijumaa, 12 Februari

Leo kuna jambo. Niandike polepole nisikosee.

Tulikuwa tunakula. Ugali wa mahindi, jibini ya kondoo, vitunguu. Mzee Semen ndiye mtunza moto wetu. Hana vidole viwili, mlimani haendi tena, kazi yake moto usizimike toka vuli mpaka tushuke. Na moto wa banda hautolewi nje. Kila mtu anajua. Ukitoa kaa la moto nje umetoa bahati ya banda zima, mtu atakufa.

Semen akatupa mwiko chini. Akasema hawezi kunyamaza tena. Akasema, "Tanas hakuuawa na gogo! Kauawa na kiko cha Lukyn!"

Akaeleza. Kwamba siku ile ile Lukyn alikuja bandani, kiberiti chake kimelowa, akaokota kaa la moto kwa kijiko akatoka nalo nje akiwasha kiko. Semen akamfukuza mpaka mlangoni na kuni mkononi.

Makelele! Huyu anasema, ndiyo maana! Yule anasema, mimi niliota. Kostan mwenye shoka kubwa akamkunja Lukyn shati: "Ulitoa moto? Ulitoa moto kweli, wewe mpumbavu?" Lukyn alikuwa mweupe kama jibini. Akasema ndiyo. Akasema Mungu amsamehe, alisahau, kiko tu. Akalia machozi ya kweli. Wakamshika, wakampeleka mtoni, wakamnawisha uso na maji ya barafu, wakamrudisha, akarusha chumvi motoni. Havrylo ni baba mkwe wake, akampiga kofi moja tu la mkwe. Akampa pombe. Yakaisha.

Yakaisha!

Mimi nimekaa pale na ugali mdomoni. Nasubiri. Nasema, sasa hivi atatokea mtu wa kuuliza. Watu wazima hawa, kila mmoja anajua kutoka kona ya juu mpaka bandani ni mwendo gani. Kama alikuwa hapa na kiko, kule juu alikuwa nani?

Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanaogopa lile kaa. Mpaka wanalala wanaliongelea kaa.


Jumapili, 14 Februari

Kazi hakuna. Wengine wanacheza karata. Nilimsaidia Semen kupasua kuni ili tuwe wawili.

Nikamuuliza. Ilinichukua rundo zima la kuni. Nikasema, mzee, Lukyn alipokuja kuchukua moto, ulisikia gogo linashuka?

Akasema nililisikia, alikuwa ndiyo kwanza anatoka—

Akaacha kuni zake. Akanitazama. Sijawahi kumwona mtu akielewa kitu namna ile, kama mtu aliyeteleza.

"Onufri," akasema. Si Bubu. Onufri. "Umri wangu unauona. Sina mke, sina nyumba. Havrylo akinifukuza hapa nitalala wapi? Kwa dubu?"

Nikapasua nyingine. Akaniambia kuni hizo nizirundike upande wa kaskazini. Baadaye akanipa kipande cha mafuta ya nguruwe, kikubwa, cha kwake mwenyewe. Nilikila. Nina njaa, nifanyeje? Lakini nilikila kwa hasira.


Jumatano, 17 Februari

Lukyn kanisaidia kubeba ndoo. Sikumwomba. Tumepanda pamoja, anahema. Anasema nisijali, Bubu, watu watasahau. Anasema hakuna anayenichukia. Anasema hata yeye ana mzigo wake, lile kaa la moto linamnyima usingizi. Amekuwa kama mgonjwa aliyepona — watu wanampigapiga mgongo. Usiku wanamwomba aimbe, anaimba, anaimba vizuri, wimbo unaniingia mpaka mifupani, shetani huyu!

Juu kabisa akatua ndoo. Akaniuliza bila kunitazama: "Siku ile uliita kwa nguvu?"

Nikasema, kwa nguvu.

Akasema, "Mm." Akateremka.

Kwa hiyo anajua. Nilidhani labda amejidanganya mwenyewe mpaka ameamini. Hapana. Anajua.


Jumamosi, 20 Februari

Tumeshuka kijijini. Kesho ni Jumapili ya kusameheana, Jumatatu kwaresima. Semen kabaki na moto wake. Nilipotoka alinifuata mpaka mlangoni, kofia mkononi. Akasema, nisamehe, nami nakusamehe — ndivyo wanavyosema wote siku hizi, kabla ya mfungo. Nikasema Mungu akusamehe. Ndilo jibu, halina lingine. Lakini sikumbusu shavu.

Nyumbani mama kapika vitumbua vya jibini. Hakuniuliza kitu mpaka nimeshiba. Habari zilishamfikia kabla yangu, kijiji kizima. Ananijua, mtoto wake asiyeongea. Akasema, mwanangu, kesho mama Odokia, mama yake Tanas, atakuwa kanisani. Nenda, piga magoti, mwambie nisamehe. Ni neno moja. Hata wewe neno moja unaliweza.

Nikamwambia, mama, niliita.

Akasema najua.

Nikasema unajuaje?

Akasema, "Wewe ni mwanangu." Halafu: "Lakini piga magoti, yaishe. Tunaishi na watu hawa."

Afadhali angesema haniamini.


Jumapili, 21 Februari

Nisamehewe mwandiko. (Na nani? Sijui. Ndiyo siku yenyewe.)

Baada ya ibada padri akaanza. Akatupigia magoti sisi, mzee yule, na magoti yake mabovu. Kisha kila mtu kwa jirani yake. Nisamehe. Mungu akusamehe. Kanisa zima linanong'ona. Watu waliogombania ng'ombe miaka mingi wanabusiana.

Mama Odokia alisimama kwenye nguzo, shuka jeusi. Amekuwa mdogo. Nilikuwa nikila kwake, mimi na Tanas, tukitoka kuchunga. Lukyn akamwendea wa kwanza. Akaanguka chini kabisa. Akalia kwa sauti nzuri kabisa, ile ya kuimbia: "Mama, nisamehe, nilitoa moto wa banda, nimemwua mwanao kwa kiko changu!" Wanawake wote wakalia. Mama Odokia akamwinua. Akambusu kichwani. Akasema, hukukusudia, baba. Mungu akusamehe.

Halafu akanitafuta mimi kwa macho. Watu wakapisha njia. Mama yangu akanisukuma mgongoni.

Nilikwenda mpaka mbele yake. Akanishika mikono. Mikono yake ya moto. Akasema, "Njoo, Onufri. Wewe pia ulikuwa mtoto wangu. Sema tu, nami nitakusamehe. Sina hasira. Sitaki kuingia kwenye mfungo na hasira."

Na watu wote wananingojea. Nyuma yake Lukyn, uso umelowa. Havrylo anaguna.

Niombe msamaha wa nini? Nikisema nisamehe, imekwisha, nimekubali, sikuita. Nitakuwa nimemwua Tanas mpaka nife. Nisiposema, nimemnyima mama wa watu siku yake. Nilitaka kusema niliita. Lilikuwepo, lilifika hapa, kooni. Macho mangapi pale! Nikatikisa kichwa.

Hivyo tu. Nikatikisa kichwa.

Mama Odokia akaniachia mikono. Havrylo akasema, "Hata leo! Mbele ya msalaba!" Kuna aliyetema mate — kanisani! Sauti ya mwanamke: jiwe lile, si mtu. Nikapita katikati yao nikatoka. Mama yangu alibaki. Ilibidi abaki.


Jumapili, jioni

Mama karudi. Anaosha vyombo, mafuta yote ya jibini na maziwa yatoke kabla ya mfungo wa kesho. Anasugua kama anataka kutoboa.

Nimefikiri nikapande tu mlimani leo leo. Nikapande kwingine, bonde jingine, wasikonijua. Huko pia wataniita Bubu, lakini Bubu tu.


Bado Jumapili

Amekuja. Mama Odokia. Yupo nje ya uzio, theluji inamfika magotini, jua linazama. Mama yangu kafungua mlango akasema karibu, ingia ndani, dada yangu, baridi. Akakataa. Akasema haingii nyumba ambayo hajasameheana nayo.

Hakuja peke yake. Kwenye njia nyuma yake wamesimama watu, wametoka kula, wanataka kuona. Havrylo yumo. Lukyn yumo, kofia kichwani, safari hii halii.

Nilidhani kaja kunilaani. Nimesimama nyuma ya mlango na kalamu. Akaita — na yeye ana sauti, kumbe Tanas aliitoa kwake — akaita toka pale pale uzioni:

"Onufri! Kanisani nilikosea. Sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Semen aliniletea salamu na mtu wa sleji, ibada imekwisha. Kasema nikuulize wewe, yeye mwoga. Mwanangu, siku ile, uliita au hukuita?"

Semen. Mzee wa watu. Kaogopa nusu tu.

Namwona Lukyn anamtazama Havrylo. Havrylo anaitazama theluji.

Mama yangu kanishika mkono. Ananong'ona: mjibu polepole, kwa adabu, mwambie tu yeye, wengine wasisikie.

Toka mlangoni hadi uzioni ni mbali kidogo. Upepo unatoka kwangu kwenda kwao. Nikitazama juu ya vichwa vyao nauona msonobari wa kwa padri. Nitautazama ule, kama kule konani.

Lazima nitoke sasa. Anangoja kwenye theluji, miguu yake si mizuri, na hataingia mpaka nimemjibu.