Kazi Niliyoandika Kabla ya Kuifanya

Mau Narok,
Jumapili

Mke wangu Nekesa,

Naanza na nyinyi kabla sijafika kwangu. Kifua cha mama kimepungua? Faith amezoea shule mpya? Yule ndama alisimama? Mimi mwili uko, ila kuna jambo limetokea kazini, na nataka ulisikie kwangu.

Unajua mimi ndiye nyapara wa dawa ya wadudu. Tukishapulizia kipande cha viazi, watu hukaa siku tatu bila kuingia mpaka sumu ipungue, na daftari langu ndilo linaloonyesha siku. Daftari ni la Kizungu, na mimi niliachia shule darasa la sita. Miaka yote nimeandika "Yesterday we will spray", yaani jana tutapulizia, na "Tomorrow we sprayed", kesho tulipulizia. Hakuna aliyelitegemea. Aliyetaka kujua alinifuata shambani akaniuliza kwa mdomo.

Mwaka huu tukaletewa Madam Chebet, msichana wa chuo, mtaalamu wa mimea. Alisoma ukurasa mmoja akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee Wafula, hii kazi mlifanya ama mtafanya?" Nikamwambia kazi ni ile ile, achague. Basi kila saa nne ya chai akawa ananifundisha: jambo lililokwisha huandikwa hivi, linalokuja hivi. Nikashika. Wenzangu wakaanza kuniita Mwalimu, na sikukataa.

Lakini kuna desturi ya manyapara wa huku ambayo sikumwambia. Huku ni baridi na mvua, mikono ina dawa, daftari hulowa. Kwa hivyo Jumatatu asubuhi, tukiwa bado stoo, tunajaza wiki nzima. Jumatatu hii niliandika "We sprayed block four on Monday" kwa mwandiko safi. Mvua ikanyesha siku mbili. Kipande hicho cha nne tulikipulizia Jumatano alasiri, na daftari sikuligusa.

Alhamisi asubuhi madam akafungua daftari, akaona siku tatu zimepita, akawaingiza akina mama kupalilia. Mimi nilikuwa upande wa mtoni na pampu mgongoni. Hakuniuliza. Angeniuliza nini, na Kizungu kilikuwa kimenyooka?

Dereva wa trekta ndiye aliyenifuata. Nilimkuta Mama Njoki, mmoja wa wapaliliaji, yule anayetuchemshia chai, amelala kwenye mtaro, mate yanamtoka, jasho kama amemwagiwa maji, anapumua kwa shida. Nilisahau hata kuvua pampu.

Tulimkimbiza kituo cha afya kwa pikapu. Daktari akauliza dawa ilipigwa lini. Madam akamwonyesha ukurasa: Jumatatu. Daktari akasema basi si dawa, akaanza kuuliza alikula nini. Mumewe, tuliyekuja naye, alikuwa amemshika miguu, ananiangalia mimi. Niliona kwamba nikinyamaza nitabaki nyapara. Nakwambia ukweli, nilinyamaza. Si muda mrefu, lakini nilinyamaza.

Kisha nikasema, "Daktari, ni jana alasiri."

Madam akageuka. "Lakini mzee, umeandika imekwisha."

"Niliandika kabla, madam."

Daktari hakutungoja. Alibadilisha matibabu pale pale, na kufikia jioni Mama Njoki alikuwa anamtambua mumewe. Jana alirudi nyumbani, ingawa kizunguzungu bado kipo. Ofisini tuliitwa wawili. Madam alikataa nibebe peke yangu, akasema naye angeweza kutembea mpaka mtoni akaniuliza. Mimi nimetolewa unyapara. Kesho naanza kupalilia na akina mama wale wale.

Leo baada ya ibada nilienda kwao kuomba msamaha. Mama Njoki alinikaribisha vizuri, akamwambia bintiye anipe kiti. Nilieleza yote, ya mvua na ya kujaza mbele, akawa anaitikia tu. Nilipomaliza akauliza, bila hasira, "Wafula, pale hospitalini mbona ulinyamaza kwanza?"

Alikuwa amefumba macho siku ile, Nekesa. Nilidhani hasikii.

Niliweka kikombe cha chai chini nikaaga, sikumwambia kwamba niliogopa kuupoteza unyapara. Ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Nisalimie mama, na kaka Barasa anayetulimia kule chini, na dada Nafula anayekusaidia kukamua. Faith mbusu kwa ajili yangu.

Ni mimi mume wako,
Wafula