Mashine Isiyongojea Kwaya

Makongeni, Thika
Aprili 1996

Kwako kaka yangu mpendwa Mbuvi,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Je, baridi ya huko Ujerumani imepungua? Mama anauliza kama unakula vizuri, na kama ile sweta aliyokufumia bado inakutosha au umenenepa. Sisi tunashukuru. Mvua imeanza, na Mama ameshapanda mahindi na maharagwe kule shambani Gatuanyaga. Habari za Baba nitazifikia, haziwezi kuandikwa kwa mstari mmoja.

Mzigo wako ulifika salama. Nilipoitoa ile mashine ya ngoma nilishangaa jinsi ilivyo ndogo, haizidi Biblia ya Mama, na vitufe vyake ni vya mpira laini unaovutia kidole. Plagi yake ilikataa kuingia ukutani, basi nikaipeleka kwa Odhiambo, fundi wa redio, akaikata na kuweka ya kwetu. Ndiye pia aliyeniunganishia na spika kubwa ya kanisa, ambayo mchungaji alikubali ikae kwetu nifanyie mazoezi.

Kaka, siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto. Nilibonyeza kitufe, ile ngoma kubwa ikagonga, vikombe vikatetemeka kabatini na Mama akatoka jikoni mbio akiuliza nani ameanguka. Kuna ngoma kavu inayolia kama ubao unaopasuka, kuna matoazi, njuga, kengele ya ng'ombe, hata makofi, ingawa makofi yenyewe ni kama ya watu waliovaa glavu. Unagonga mdundo kwa vidole, mashine inaukumbuka, kisha inaurudia bila kuchoka.

Shida ilianza hapo. Kitabu cha maelezo ni Kijerumani kitupu. Niliitazama michoro yake kama mtu anayesoma nyayo za kuku. Nilitaka ule mdundo Baba anaoupiga wakati wa sadaka, unaoyumba kidogo. Nikaugonga sawasawa kabisa. Mashine iliponirudishia, ilikuwa imeunyoosha! Nikagonga tena, ikanyoosha tena. Kumbe ina mahali pa kusahihisha vidole vya mtu, kila pigo linasukumwa kwenye mstari wake, kama mwalimu mwenye rula. Nilihangaika sana hadi nikapata jinsi ya kuizuia. Nikaurekodi mdundo wote vizuri, nikabonyeza nikidhani nahifadhi, ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Kazi yote ikafutika. Nililia, kaka, mbele ya mashine.

Na kwaya nayo ikawa vita. Unawajua akina mama wetu, wakifika mwisho wa ubeti hupenda kuvuta neno, kisha wapumue, ndipo waendelee. Baba alikuwa akiwangojea na ngoma yake, ambayo mimi niliiweka kando mashine ilipokuja. Mashine inakwenda tu. Benta, yule wa sauti ya kwanza, aliniambia wazi kwamba amekuja kumwimbia Mungu, si kukimbizana na redio. Nilimjibu vibaya, tukawa hatusalimiani.

Kisha tukaalikwa Ruiru, kwenye sherehe ya kufungua kanisa jipya. Mchungaji alisisitiza twende na mashine, watu wa Ruiru waone. Baba alikaa nyuma, mikono kifuani, hana ngoma. Ubeti wa pili akina mama wakavuta neno lao, mashine ikawaacha, nusu ya kwaya ikaifuata na nusu ikabaki na Benta. Tulipomaliza wimbo, mashine ikaendelea peke yake, nami natafuta kitufe cha kuizima huku vijana wakicheka hadi wanainama.

Hasira yangu yote ilimwelekea Baba. Tangu mashine ije, kila nilipomuuliza pigo gani linatangulia, alinijibu habari za mbuzi, au alitikisa kichwa na kutoka nje. Niliona ananidharau. Najua nawe uliumia. Ulisema ulimpigia kwenye simu ya ofisi ya kanisa, ukamuuliza kama amependa zawadi hii ya mashine, naye akasema "ndiyo, ndiyo" kisha akakata. Ukaandika kwamba kama hataki mambo yako, basi hutampigia tena.

Sasa nisikilize. Jumatatu baada ya Ruiru, mchana, nilikuwa sebuleni na mashine. Baba akapita akielekea mlangoni. Nikamfokea akiwa amenipa mgongo. Nilimwambia ndiye aliyetuaibisha, kwa kununa na kwa kukataa kunifundisha. Hujawahi kunisikia nikimwambia mzazi maneno kama yale. Hakugeuka. Hata bega halikushtuka. Nikaita, "Baba!" Akafungua mlango taratibu, kama mtu aliye peke yake nyumbani.

Kwa hasira nikaibonyeza ngoma kubwa, tena na tena. Hapo ndipo aliposimama. Alitazama miguu yake, akarudi ndani, akaweka kiganja juu ya spika na kukiacha pale.

Akasema, "Hii naisikia."

Kaka Mbuvi, Baba hasikii. Aliniambia mwenyewe, akitazama midomo yangu. Zile mashine za kufuma kule kiwandani zilikula sikio moja miaka mingi iliyopita, na baada ya kustaafu la pili nalo likafuata. Daktari alimwambia hayatarudi. Mama alijua, lakini Baba alimwomba anyamaze. Kanisani alikuwa akipiga kwa kuwatazama akina mama vifua vinavyopanda wakivuta pumzi. Mimi nilipomwondolea ngoma, wimbo wote ukampotea. Na siku ile ulipopiga simu, alishika tu mkono wa simu sikioni, akakisia umenyamaza, akasema ndiyo.

Usidhani mambo yametengenea. Jumapili iliyopita Baba alirudi na ngoma yake, akaegemeza mgongo kwenye spika, nami nikaacha ile ngoma kubwa tu ya mashine. Tuligombana kwa macho mwanzo hadi mwisho. Yeye anataka kuwangojea akina mama, mashine haitaki, nami nahangaika na kitufe cha mwendo. Benta alisema leo ni afadhali, kidogo. Ipo siku nitaitupa hii mashine Mto Chania, unisamehe.

Baba amenikataza nisikuambie. Anaogopa utaacha masomo urudi, au utaanza kumhurumia. Anajua tu kwamba nakuandikia habari za mashine. Ameniagiza nikwambie ngoma kubwa ni nzuri, hizo nyingine unaweza kuzichukua.

Kwa hiyo, kaka, usipige simu. Mwandikie yeye, jina lake juu ya bahasha, wala usipitishe kwangu. Iwe barua ndefu. Mwambie unakula nini, unalala wapi, majirani zako ni watu gani, mvua ya huko inanyeshaje. Masikio usiyataje hata kidogo. Andika kama mtoto aliyemkumbuka baba yake, basi. Macho yake bado ni mazuri, na barua ataisoma mwenyewe.

Mama anakubusu. Benta naye anakusalimu, tumepatana. Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kalondu